Je, Yule Msichana wa Nyumba ya Naamani Alirudi Kwao?

 

Jumapili moja, baada ya mafundisho ya vijana, kijana mmoja alisimama mbele ya wenzake akaniuliza: "Papa shemasi, kwenye masomo tunafundishwa kwamba watu wetu waliuzwa na watu wa dini. Waarabu walikuwa wanasali, Wareno walikuwa wanabatiza, na wote walinunua watu. Na Biblia yenyewe ina watumwa toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Sasa sisi tunashika buku hilo kwa sababu gani?" Vijana wote wakanyamaza, wakaniangalia. Nilimjibu kwamba swali ni zuri na kwamba nitaliandikia katika gazeti letu. Kusema kweli nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Jumapili nyingi zilipita kabla sijashika kalamu, na sababu ya kuchelewa nitaieleza mbele.

Mimi si mtu wa chuo kikuu. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma ya Leta, na mengine nimeyasoma mwenyewe katika mabuku ya kuazima. Atakayeona nimekosea anirekebishe kwa upendo.

Kuna jibu rahisi ambalo wengi wetu hulitoa. Mkristo husema utumwa ulikuwa wa Waislamu. Mwislamu husema utumwa mkubwa ulikuwa wa Wakristo, waliojaza merikebu kwenda Amerika. Na mtu wa kanisa kama letu, lililoanzishwa na Mwafrika, husema hao wote ni wageni, mikono yetu sisi ni safi. Jibu la namna hii ni tamu, kwa maana kila mara mkosaji ni jirani. Lakini tuangalie kwanza ziwa letu wenyewe.

Mwezi wa nne mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. (Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, Livingstone na Stanley wakaja kuona kwa macho yao kwamba ni kweli. Wazee wetu walijua siku zote, lakini hilo tuliache.) Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa soko kubwa la upande wa kaskazini, mahali ambapo wafanyabiashara wa Ujiji walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Maana yake, ndugu zangu, ufuko huu tunaoshukia na kanzu zetu nyeupe kubatiza ndio ufuko ambao mitumbwi ilipakia watu. Walivushwa mpaka Ujiji, toka Ujiji wakatembea mpaka Tabora, toka Tabora mpaka Bagamoyo, na waliobaki na uhai walivushwa bahari mpaka Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Toka ziwani mpaka bahari ni zaidi ya kilometa elfu moja, kwa miguu, na mzigo kichwani.

Wafanyabiashara hao walikuwa Waislamu, ndiyo. Sharia yao inakataza kumfanya Mwislamu aliye huru kuwa mtumwa, na Kurani inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo jema na fidia ya makosa fulani. Biashara ilipita juu ya hayo yote. Lakini nani alimleta mtu mpaka ufukoni? Waarabu na Waswahili walikuwa wachache katika nchi hizi. Aliyeshuka na mateka alikuwa mara nyingi mtu wa huku huku: mtawala aliyeshinda vita, jirani mwenye deni, baba mwenye njaa aliyeweka mtoto rehani na asipate tena cha kumkomboa. Hao hawakusali kuelekea Maka. Walikuwa na mizimu yao na matambiko yao, na mizimu haikuwazuia. Kwa hiyo wale wanaotuambia turudi kwenye dini ya mababu kwa sababu haikujua utumwa, mimi siwafuati.

Tena angalieni lugha ninayoandika. Wengine huita Kiswahili chetu Kingwana. Jina hilo limetoka kwa waungwana, maana yake watu huru, wasio watumwa. Na waungwana wa Maniema na wa ziwa letu walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa watu walioshikwa wakiwa watoto, wakalelewa na wafanyabiashara, wakavaa kanzu, wakatahiriwa, wakapewa bunduki. Waliacha makabila yao, wakajiita waungwana, na waliobaki vijijini wakawaita washenzi. Kisha wakaenda kuwashika. Mimi nikiomba, naomba kwa lugha hiyo. Nabii wetu anapoona maono, anayasema kwa lugha hiyo. Siioni haya, kwa maana Mungu hutumia chombo anachotaka, lakini siwezi kusema kwamba njia ya utumwa haikupita katika kinywa changu.

Upande wa pili wa nchi yetu, kwenye bahari ya magharibi, waliofika walikuwa Wakristo. Papa Nikolao wa Tano, kwa barua zake za mwaka 1452 na 1455, alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashika wasioamini na kuwatia katika utumwa wa daima. Mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kongo, mtu aliyebatizwa, mwenye kusoma na kuandika, alimwandikia mfalme mwenzake wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wa nchi yake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Tunamsifu kwa barua hiyo. Lakini Afonso mwenyewe alikuwa na watumwa, na mateka wa vita vyake waliuzwa. Alilia kwa ajili ya wale ambao, kwa macho yake, hawakupaswa kuuzwa. Nimelifikiri sana jambo hilo, kwa maana nadhani karibu sisi wote tuna mpaka kama wa Afonso: huyu ni mtu wetu, yule tutaona.

Sisi wa makanisa ya kinabii hupenda kumtaja Kimpa Vita, yule binti wa Kongo aliyebatizwa Beatriz. Alihubiri kwamba vita vya wafalme vikome na mji wa Mbanza Kongo ukaliwe tena, na vita hivyo ndivyo vilivyolisha merikebu za watumwa. Mwezi wa saba mwaka 1706 walimchoma moto, na wapadri Wakapuchini waliunga mkono hukumu hiyo. Wengi wa wafuasi wake walishikwa katika vita vilivyofuata, wakauzwa ng'ambo ya bahari. Angalieni basi: Wakristo waliuza Wakristo, na waliouzwa walikwenda wakimwita Yesu yule yule.

Na Biblia? Kijana wangu hakusema uongo. Walawi 25 inawaruhusu Waisraeli kununua watumwa katika mataifa yaliyowazunguka na kuwarithisha watoto wao. Kutoka 21:21 inasema mtumwa ni mali ya bwana wake. Mtume Paulo, katika Waefeso 6, anawaambia watumwa watii. Haya yameandikwa, na shemasi anayeyaruka anapofundisha anawadanganya watu. Lakini yameandikwa na mengine. Kutoka 21:16 inamhukumu kufa mtu anayemwiba mtu na kumwuza. Kumbukumbu la Torati 23:15-16 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia, na inasema akae mahali atakapochagua mwenyewe. Paulo, katika 1 Timotheo 1:10, anawaweka wauza watu pamoja na wauaji. Na Ufunuo 18:12-13, ikihesabu bidhaa za Babeli, inataja dhahabu, lulu, divai, ngano na farasi, na mwisho kabisa miili na roho za watu.

Mabwana walizijua sehemu hizo. Mwaka 1807 huko London ilichapwa Biblia ya kuwafundishia watumwa wa visiwa vya Karibi, nayo ilikatwa sana. Sehemu kubwa ya Agano la Kale iliondolewa. Habari ya Waisraeli kutoka Misri iliondolewa. Wagalatia 3:28, ambapo Paulo anasema katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, iliondolewa. Waefeso 6 ikaachwa. Nakala moja iko mpaka leo Chuo Kikuu cha Fisk, Marekani. Basi kijana, ukiniuliza kwa nini tunashika buku hili, jambo la kwanza ninaloweza kukuonyesha ni kwamba wenye watumwa waliliogopa wakiliona zima.

Kuhusu laana ya Hamu sitasema mengi. Mwanzo 9:25 Nuhu alimlaani Kanaani, na nchi ya Kanaani inajulikana iko wapi. Wanaoiweka laana hiyo juu ya ngozi yetu, au juu ya kabila la jirani yao, wasome tena.

Kama ningeishia hapo, kijana angeridhika, na mimi pia. Lakini nilipoendelea kusoma habari za pwani yetu nilikuta jambo lililonisumbua zaidi kuliko Wareno.

Wapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka huo huo walijenga Rumonge, ng'ambo yetu, upande wa Burundi. Mwaka 1880 walijenga Mulweba katika Masanze, upande wetu, na mwaka 1883 Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Walichukia biashara ya watumwa kwa kweli. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akiwaeleza Wazungu mateso ya watu wa maziwa yetu, na Ulaya ilisikia. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walikuwa wanaishika pwani hii mpaka Uvira. Wapadri walifanya nini? Walinunua watoto. Walitoa nguo na shanga, wakachukua watoto waliokuwa wamefungwa kamba, wakawapeleka katika nyumba za yatima. Kazi hiyo iliitwa kukomboa.

Walifanya vizuri? Mtoto aliyenunuliwa Kibanga hakufa njiani kwenda Tabora. Hilo peke yake ni kubwa, na mtu asiyekuwapo asiwahukumu haraka. Lakini mtoto huyo hakurudi kwao. Mara nyingi kwao kulikuwa mbali, au kulikuwa kumechomwa. Alilelewa, akabatizwa, akafundishwa kulima. Alipokua, mapadri walimpa mchumba kati ya waliokombolewa wenzake, wakampa shamba katika kijiji cha Kikristo, na akaishi chini ya amri yao kama watu wanavyoishi chini ya mtawala. Je, aliweza kusema, "Asanteni, sasa ninakwenda"? Na kule Rumonge, tarehe 4 mwezi wa tano 1881, mapadri wawili na msaidizi wao waliuawa. Ugomvi ulitokana na mtoto aliyekuwa katika misheni, ambaye wenyeji walidai arudishwe. Siwasifu wauaji. Nasema tu kwamba pande zote mbili zilisema mtoto ni wetu, na hatusomi mahali popote kwamba mtoto aliulizwa.

Kutoka kwa watoto kama hao alitokea mtu ambaye watu wa kusini mwa ziwa wanamheshimu mpaka leo. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Wapadre Weupe. Walimsomesha uganga kule Malta, kisha wakamleta Karema, ufuko wa Tanganyika upande wa Tanzania, katika miaka ya mwisho ya 1880. Alitibu watu hapo mpaka alipokufa mwaka 1956. Karibu miaka 70! Mtu anaweza kuniambia: unaona, ununuzi wake ulizaa baraka. Ni kweli. Yusufu naye aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha, na baraka ikatoka. Lakini baraka ni kazi ya Mungu, haiwi hati ya kumsafisha mnunuzi.

Baada ya mapadri alikuja mfalme Leopold wa Ubelgiji, na huko jambo lilionekana wazi. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 ulifanywa kwa jina la kupiga vita utumwa, na Leopold alijivika jina hilo kama kanzu. Majeshi yake yaliwashinda Waarabu, Rumaliza naye akashindwa mwaka 1894. Walioitwa walioachwa huru, wengi walitiwa katika jeshi na kazi za Leta. Kwa amri ya mwaka 1890 watoto walikusanywa katika makambi ya Leta, wengine wakawekwa mikononi mwa misheni. Kamati iliyotumwa kuchunguza Kongo mwaka 1904 ilikuta kwamba wengine kati ya walioitwa yatima katika mashamba ya misheni hawakuwa yatima hata kidogo. Habari ya kaucho na mikono iliyokatwa mnaijua. Yote yalifanywa na mtu aliyesema amekuja kufungua minyororo.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilirudi kwa Yusufu, Mwanzo 47. Njaa ilipozidi, Wamisri walileta fedha zao kwa Yusufu wapate nafaka, kisha wakaleta mifugo, kisha mashamba, na mwisho wakajileta wenyewe wawe watumwa wa Farao. Naye akawapokea. Mtu yule yule aliyeuzwa na ndugu zake! Na mstari wa 25 wanamshukuru kwa sababu amewaokoa maisha yao. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni nikimsifu Yusufu kwa akili zake. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kushukuru kwa kweli, na awe mtumwa kwa kweli, kwa siku moja.

Sasa nieleze kwa nini nilichelewa.

Mwishoni mwa mwaka 2019, vita vilipowaka milimani, alikuja kwetu Uvira binti wa miaka kumi, mtoto wa binamu yangu marehemu. Mama yake naye alikuwa amekufa. Mama yake mdogo, aliyekuwa anakaa naye Mulenge, alikuwa amekimbilia Burundi. Mimi na mke wangu tulimpokea. Kanisani walitusifu, wakatuombea, na mimi nilisema mbele ya wote kwamba tumefanya kwa ajili ya Mungu.

Alianza kwa kuchota maji, kwa sababu watoto wetu walikuwa wanakwenda kwenye masomo asubuhi. Bidoni mbili za lita ishirini, toka bombani au, bomba likikauka, toka ziwani. Kisha akawa anatwanga sombe. Kisha akawa anaamka wa kwanza kuwasha makala, na kulala wa mwisho baada ya kuosha vyombo. Jioni aliuza ndagala barabarani. Tulisema masomo yatafuata hali ikiwa nzuri. Ikaja mafuriko ya mto Mulongwe ya mwezi wa nne 2020, tukasema mwaka ujao. Tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure katika shule za Leta, na nililijua tangazo hilo, nililisikia kwenye redio. Hatukumpiga. Alikula tulichokula, ingawa baada yetu. Kama mtu angeniambia kwamba ninakaa na mtumwa, ningemfukuza mlangoni.

Mwaka 2022 nilihubiri habari ya Naamani, 2 Wafalme 5. Ninyi mnajua tunavyoipenda sura hiyo, kwa sababu ya mto, kwa sababu ya kuoga mara saba, kwa sababu nabii aliponya bila dawa. Nimeihubiri mara nyingi. Usiku, tukiwa nyumbani, yule binti aliniletea maji ya kunawa, akabaki amesimama. Nikamwuliza kuna nini. Akasema: "Papa, yule msichana alirudi kwao?" Nikasema, msichana yupi? Akasema: "Yule waliyemshika vita. Aliyesema kuna nabii."

Nilichukua Biblia nikasoma mbele yake mpaka mwisho wa sura. Mstari wa pili na wa tatu msichana yupo: ametekwa toka Israeli, anamtumikia mke wa Naamani, na ni yeye anayesema kwamba kule Samaria kuna nabii wa kumponya bwana wake. Baada ya hapo hatajwi tena. Naamani anapona. Anamletea Elisha fedha na mavazi, na Elisha anakataa. Anaomba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, apate kumwabudia Bwana nyumbani kwake. Gehazi anatamani zile mali, anapigwa ukoma. Kila mtu anapata mwisho wake. Naamani alikumbuka kubeba udongo wa Israeli kwenda Shamu, lakini haikuandikwa kwamba alikumbuka kumrudisha Israeli mtoto aliyekuwa naye jikoni. Nilimjibu binti kwamba Biblia haisemi. Akasema, "Haya," akachukua beseni akaenda.

Mimi nilibaki pale. Miaka ile yote nilikuwa ninasimama ukingoni mwa Yordani pamoja na mkubwa yule na magari yake. Sikurudi hata mara moja kuangalia nyumba yake, nani anachota maji. Kijana aliponiuliza Biblia ni upande gani, ndani yangu nilijua kwamba kabla sijamjibu habari za Wareno na Waarabu nina jambo la kumaliza na mke wangu.

Neno letu kukomboa lina njia mbili ndani yake, na ndiyo maana linatudanganya. Unaweza kumkomboa mtu awe wake mwenyewe, na unaweza kukomboa kitu kilichokuwa rehani kiwe chako. Paulo anasema tumenunuliwa kwa bei, na mara moja, katika 1 Wakorintho 7:23, anaendelea kwamba basi tusiwe watumwa wa wanadamu. Kwa Filemoni anaandika juu ya Onesimo kwamba ampokee si kama mtumwa tena, bali ndugu, na kama kuna deni aandikiwe yeye Paulo. Mkombozi huyo anachukua deni kwake. Wapadri wa Kibanga, Leopold, Yusufu mbele ya ghala, na mimi katika nyumba yangu, sisi tulilipa kisha tukaandika deni juu ya yule aliyelipiwa. Najua kwamba Leopold aliua watu na mimi nilimnyima mtoto masomo, si sawasawa. Lakini neno tulilosema lilikuwa moja, kwamba tumekuokoa, na kwa neno hilo mtu anafungwa kinywa. Anayepigwa anaweza kulia. Aliyeokolewa akilia, anaitwa mkosa shukrani.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili, wazee wa kanisa wanisamehe. Tuna vyumba vya maombi ambamo wagonjwa hukaa miezi mingi. Ni vizuri kuwapokea. Lakini kuna mahali, sitataja, ambapo aliyepona anaambiwa abaki alime shamba la yule aliyemwombea, msimu mmoja, kisha wa pili, na akitaka kuondoka anatishwa kwamba ugonjwa utarudi. Tunamsifu Elisha kwa kukataa mali ya Naamani. Huyo anayeweka mgonjwa katika mihogo yake ni Gehazi, hata kama kanzu yake ni nyeupe kuliko yangu.

Mke wangu alikasirika mwanzoni. Alisema nimemwaibisha, kwamba yeye naye alilelewa hivyo hivyo kwa shangazi yake na hakufa. Ni kweli alilelewa hivyo, na ni yeye, siku tatu baadaye, aliyesema tumwulize binti mwenyewe anataka nini. Alitaka mambo mawili: kusoma, na kujua kama mama yake mdogo yuko hai. Tulimwandikisha shuleni mwezi wa tisa mwaka huo, darasa la tatu, akiwa mrefu kuliko wote. Habari za mama mdogo zilichukua muda zaidi. Alikuwa amerudi Mulenge.

Kumbukumbu la Torati 15:13-14 inasema ukimwacha mtumwa wako huru usimwache aende mikono mitupu, umpe katika kondoo zako, na nafaka yako, na shinikizo lako. Nilijaribu kupiga hesabu ya miaka ile karibu mitatu, bidoni kwa bidoni, nikaona siwezi kulipa. Ndugu mmoja wa kanisa alinicheka: "Papa shemasi, unamlipa mtoto wa ndugu yako?" Tuliuza redio na bati nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya jiko jipya, tukanunua mbuzi wawili jike, nguo za shule na madaftari.

Mwezi wa saba 2023, masomo yalipofungwa, alipanda Mulenge. Mimi mwenyewe nilimsindikiza, na njiani hakusema sana. Mama yake mdogo alitupokea kwa kilio. Nilimwambia binti kwamba mlango wetu uko wazi kama atapenda kurudi Uvira mwezi wa tisa. Hakurudi. Anasoma huko huko, na mbuzi mmoja amezaa. Zile bidoni mbili sasa anazibeba mwanangu wa kwanza kabla ya kwenda shuleni, naye analalamika kila siku.